Mama Blanketi haondoi meza

Saa tatu kasoro robo asubuhi, kwenye korido ya ghorofa ya pili, mama mmoja anaifunika kompyuta blanketi la mtoto. Anavuta pembe hii, anachomeka ile chini ya boksi la mashine, kisha anarudi nyuma hatua moja kuangalia kama kuna sehemu iliyobaki wazi. Ni blanketi la manjano lenye picha za bata, limefuliwa mpaka bata wengine wamebaki midomo tu.

Mwenye mashine amekaa kwenye kigoda pembeni. Ni mwalimu mkuu mstaafu, miaka sitini na saba, shati limenyooshwa na kalamu iko mfukoni. Anaitazama mashine yake kama mzazi aliyempeleka mtoto kuchomwa sindano.

"Mama, haitaungua hiyo?"

"Haiungui, mwalimu. Mimi nipo nayo hapa, siendi popote. Mgonjwa wa homa humpimi akiwa ametoka kuoga maji baridi."

Hapo ndipo jina lilipotoka. Lile alilopewa na wazazi liko kwenye kitambulisho, lakini humu ndani, kuanzia mlinzi wa mlangoni hadi muuza chai wa ngazini, anaitwa Mama Blanketi. Ana miaka arobaini na tisa, watoto wanne, na meza namba kumi na nne, ambayo ameikalia kwa miaka kumi na miwili. Kazi yake kutengeneza kompyuta, na katika kazi hiyo, kwa wanaomfahamu, sifa yake moja ni kubwa kuliko zote: anapata ugonjwa ambao wengine wameshindwa kuupata.

Leo ni Jumanne. Tangazo lililobandikwa ukutani, hatua tatu kutoka alipokaa, linasema kila fundi atundike cheti chake cha ufundi mahali mteja anapokiona, na asiye na cheti aondoe meza. Mwisho ni Ijumaa, saa kumi jioni.

Jengo lina meza thelathini na moja. Mafundi wasio na cheti ni tisa, na sita kati yao wamekwisha kufungasha. Mama Blanketi hajagusa hata bisibisi moja.

Ukutani juu ya meza yake kuna msumari mmoja tu, na kwenye msumari huo, kwa uzi mwekundu, kinaning'inia kibao cha kijani chembamba, urefu wake kama wa kitana. Ni kijiti cha kumbukumbu cha kompyuta, kile ambacho mafundi wote hapa hukiita ramu. Kilikufa zamani.

"Wanataka kitu ukutani," anasema, na midomo inampinda kidogo. "Kitu kipo."

*

Mashine ya mwalimu ilianza visa wiki tatu zilizopita. Inawaka vizuri. Inaandika barua, inapiga muziki, inafungua picha za wajukuu. Lakini akifungua mchezo wake wa mpira wa miguu, nembo inatokea, uwanja unaanza kuonekana, kisha kioo kinageuka buluu na mashine inajizima.

Mtu asicheke. Mchezo huo si wa kupotezea muda. Kila Jumamosi saa nne asubuhi mwalimu hucheza kwa mtandao na mjukuu wake, binti wa miaka kumi na moja anayeishi na wazazi wake nchi ya mbali. Wakiwa wanacheza ndipo wanapozungumza. Mjukuu haongei kwenye simu, atakujibu ndiyo na hapana mpaka ukate tamaa, ila akiwa na mpira mguuni anasimulia shule, marafiki na hata mambo ambayo mama yake hayajui.

"Ananifunga kila wiki," anakiri mwalimu. "Asiyekubali kushindwa si mshindani, mimi nimekubali. Lakini sasa anawaambia watu kwamba babu amekimbia mechi. Hilo sikubali."

Alianzia ghorofa ya chini, kwa fundi anayeitwa Mhandisi, kijana nadhifu mwenye vyeti vitatu ndani ya fremu za dhahabu. Mhandisi aliufuta mchezo akauweka upya, mara mbili. Akaweka mchezo mwingine, nao ukaanguka. Akapima ramu, akaona ni nzima, akahitimisha kwamba kadi ya picha imekufa. Kadi mpya ni pensheni ya mwalimu ya miezi miwili.

Mwalimu alikuwa njiani kwenda kukopa pesa, muuza chai wa ngazini akamwambia apande kwanza ngazi.

Mhandisi mwenyewe si mtu mbaya. "Yule mama ni fundi, sikatai," anasema anapoulizwa. "Lakini lazima tuwe na kipimo kimoja kinachotambulika. Vinginevyo kila mtu ataamka na blanketi lake." Ramu alizipimaje? Anaeleza bila kuficha: mfuniko wa mashine wazi, chumba chake chenye kiyoyozi, dakika kumi.

Mama Blanketi akilisikia hilo hacheki. Anatazama msumari wake.

*

Hakuanza akiwa fundi. Aliingia kwenye kompyuta kwa mlango wa ufagio. Alikuwa mfagizi wa ofisi moja ya uchapaji, na fundi wa pale, mzee mwenye macho mabovu, alikuwa akimwita amshikie tochi. Alishika tochi miaka sita. Mwaka wa pili alianza kumwonyesha mzee pa kuangalia, na wa nne mzee akawa anashika tochi yeye.

Ofisi ilipofungwa, wafagizi waliambiwa hakuna kiinua mgongo. Yeye aliomba mashine tatu mbovu na bisibisi za mzee, akapewa kwa dharau, akabeba kwa mkokoteni. Shemeji zake walisema amechanganyikiwa. Mume wake, dereva wa lori, alisema tu, "Zisiletwe chumbani," na mambo yakaishia hapo.

Siku nzuri hupokea mashine nne, siku mbaya hakuna hata moja ya dawa. Kupima ramu anatoza bei ya sahani mbili za chakula cha mchana, na kazi yenyewe inakula nusu siku. Kwa meza hiyohiyo watoto wake wawili wamemaliza sekondari.

Kosa lake alilifanya mwaka wa kwanza wa meza. Anapolisimulia hapunguzi kitu.

Alikuja mwanafunzi wa uuguzi na mashine inayojizimazima. Mama alifungua mfuniko, akapima ramu kwa dakika ishirini huku feni ya darini ikipepea palepale, akaona kila kitu kijani. "Nikamwambia, dada, diski yako inakufa. Nikaifuta yote, nikapanga upya. Nilimuuliza kama ana nakala ya vitu vyake, akasema anayo. Sikumuuliza mara ya pili."

Nakala aliyokuwa nayo ilikuwa ya mwezi mmoja nyuma. Utafiti wake wa mwisho, kurasa tisini na kitu, ulikuwa kwenye diski ile. Na siku nne baadaye mashine ikarudi ikijizima vilevile, maana diski haikuwa na kosa lolote.

"Hakunitukana," anasema Mama Blanketi. "Angenitukana ningepata usingizi. Alikaa hapo ulipokaa wewe mwalimu, akauliza, kwa hiyo hakuna hata kidogo? Nikasema hakuna."

Alimrudishia malipo yake, akampa mashine yake mwenyewe aandikie. Kwa wiki tatu yule binti alikaa kwenye meza namba kumi na nne akiandika upya kile alichokikumbuka. Alichelewa kuhitimu mwaka mzima.

Ile mashine mbovu mama aliibeba nyumbani. Aliipima kila siku na kila siku ikapita. Mpaka jioni moja mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa na mwaka mmoja, akalitupa blanketi lake juu ya boksi. Mama alikuwa jikoni. Aliporudi, kioo kilikuwa kimejaa mistari myekundu.

"Nilisimama pale nikashikwa na hasira mpaka nikalia. Ramu ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza, ila ikipata upepo inajikaza. Ikipata joto inaropoka. Na mimi nilikuwa naipima imevuliwa nguo, na feni juu. Ni mteja gani anatumia kompyuta imevuliwa nguo?"

Tangu siku hiyo hapimi ramu mashine ikiwa wazi. Anaifunga mfuniko kama ilivyo nyumbani kwa mwenyewe, anaifunika blanketi, anakaa nayo akiwa ameweka kiganja juu yake. Mtoto mwenye blanketi sasa ana miaka kumi na mitatu na hataki kabisa habari hiyo itajwe mbele ya marafiki zake.

Ramu ya yule binti ndiyo iliyo ukutani.

"Mficha uchi hazai," anasema. "Watu wanatundika walichofaulu. Mimi nimetundika nilichokosea, nikiinua kichwa nakiona. Huyo anayesema nibebe meza yangu, kosa lake yeye amelitundika wapi?"

*

Saa tatu na dakika tano msimamizi wa jengo anapita na daftari lake la meza. Ni mtu mnene, mpole, anayechukia kelele. Anasimama mbele ya namba kumi na nne, anatazama blanketi, anatazama ukuta.

"Mama, bado hujaanza kufungasha."

"Sijaanza, bwana msimamizi. Na sitaanza."

"Mimi sina ugomvi na wewe. Wateja wanaibiwa humu. Juzi kuna aliyebadilishiwa diski bila kujua, unajua hilo?"

"Najua. Na aliyebadilisha unajua ana vyeti vingapi?"

Msimamizi anakohoa. Mwalimu mstaafu anachunguza kucha zake kwa makini.

"Kaa," anasema mama, na kwa mguu anasukuma kigoda cha pili. "Mashine hii imetoka kwenye cheti, imekuja kwangu. Huko imeambiwa kadi. Mimi nasema ramu. Zilikuwamo mbili. Ya kwanza nimeiweka peke yake tangu nilipofika asubuhi, imefunikwa, imepita safi. Sasa iko ya pili, kwenye tundu lilelile. Ikimaliza bila mstari mwekundu, mwalimu akanunue kadi, na mimi nabeba meza leoleo. Singoji Ijumaa."

Mafundi wa meza za jirani wanasogea. Aliyekuwa anapuliza vumbi anazima mashine yake ya kupulizia. Msimamizi anakaa, labda kwa sababu ngazi zimemchosha.

Kioo kinaonyesha mchirizi wa kijani unaosogea taratibu. Kompyuta inaandika namba kila pembe ya ramu, kisha inarudi kuzisoma. Ikisoma tofauti na ilichoandika, inatoa nyekundu.

Mwalimu, ambaye hawezi kukaa darasani bila kuuliza, anataka kujua kwa nini barua zinaandikika na mpira hauchezeki.

"Nyumba ina vyumba vinane," anajibu mama bila kutoa jicho kwenye kioo. "Mpangaji anayelala kimoja atakwambia paa ni zima. Barua ni mpangaji wa chumba kimoja. Mchezo unakuja na ukoo mzima, unajaza mpaka chumba cha saba. Na cha saba kinavuja."

Dakika ya thelathini, kijani. Dakika ya arobaini, kijani. Muuza chai amepanda na birika na hajamimina hata kikombe. Kiganja cha mama kiko juu ya blanketi na hakiondoki.

Baadaye atakiri kwamba aliogopa. Alikuwa anafikiria jinsi meza itakavyopita kwenye kona ya ngazi. Ni pana, na siku ya kuiingiza walilazimika kung'oa mguu mmoja. Kiburi chake, anasema, kilikuwa mdomoni tu.

Dakika ya hamsini na mbili mstari mmoja mwekundu unatokea. Kabla mtu hajasema neno unafuata wa pili, kisha inashuka mingi mpaka kijani hakionekani tena.

Mama Blanketi haruki wala hapigi vigelegele. Anazima mashine, analifunua blanketi, analikunja mara nne. Anaichomoa ramu ya pili na kuipitisha mbele ya uso wa msimamizi, karibu kabisa, kama anamwonyesha kitambulisho.

"Tundu halina kosa, maana ya kwanza imepita palepale. Kadi haina kosa. Mchezo hauna kosa. Huyu hapa."

Anairudisha ile nzima peke yake, anawasha, anamsogezea mwalimu kipanya. Nembo inatokea. Uwanja unaonekana, na safari hii wachezaji wanatoka, wanapanga mstari, mashabiki wananguruma kwenye spika ndogo yenye ufa. Mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa nidhamu, anavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji.

Ramu mpya itamgharimu chini ya robo ya pensheni ya mwezi mmoja.

*

Msimamizi anabaki kwenye kigoda. Haoni aibu kusema anachofikiri.

"Nimeona, mama. Siwezi kusema sijaona. Lakini nikikuachia wewe, wale sita waliofungasha nitawaambia nini?"

"Waambie wafungue mizigo."

"Siyo rahisi hivyo." Anafikiri, anagonga kalamu kwenye daftari. "Kuna mtihani wa ufundi wa vitendo, si lazima uwe umesoma chuo. Niletee stakabadhi ya kujiandikisha kabla ya Ijumaa saa kumi, meza inabaki mpaka majibu yatoke. Na wao vilevile."

Mwenye kutazama angetegemea afurahi. Badala yake Mama Blanketi anainama, anaanza kupanga bisibisi ambazo tayari zimepangika.

Mtihani huo anaujua. Miaka minane iliyopita alikwenda kujiandikisha, akiwa amevaa nguo yake nzuri kuliko zote. Karani wa dirishani hakumwacha amalize salamu. Alinyoosha kalamu kuelekea upande wa pili wa korido na kusema, "Ushonaji ni mlango wa pili, mama." Watu kwenye foleni wakacheka, siyo kwa ubaya, walicheka tu. Aligeuka akatoka. Hajarudi tena, na hakumwambia mtu, hata mume wake.

"Na mimi kushona siwezi," anasema. "Nyumbani kwetu vifungo anashona baba watoto."

Jumatano nzima hakufungua mdomo kuhusu jambo hilo. Jumanne alikuwa tayari kupoteza meza mbele ya watu wote, na sasa alikuwa anaogopa dirisha. Hilo lilimuudhi kuliko tangazo lenyewe.

Alhamisi saa mbili asubuhi alifunga meza na kwenda. Hakwenda peke yake. Kati ya wale sita, wanne walikuwa wamepata habari, wakamngoja nje ya jengo wakiwa na vitambulisho mkononi, wanaume wazima, mmoja amechomekea shati ambalo halikutaka kuchomekewa. Walimwambia atangulie.

Dirishani alikuwapo karani mwingine, binti, aliyekuwa akila karanga.

"Fani gani?"

Mama Blanketi alikuwa amejiandalia hotuba. Aliiandaa kwa miaka minane, ina sehemu tatu. "Kompyuta," alisema.

Binti akaandika. Akapokea ada, akagonga muhuri, akatoa stakabadhi, akasema, "Anayefuata."

Ilichukua dakika saba. Alipotoka nje alikuwa amekasirika kweli, uso umevimba. "Miaka minane," alisema kwa sauti iliyowageuza wapita njia. "Miaka minane naogopa dirisha la dakika saba."

Mtihani uko wiki saba mbele. Sehemu ya vitendo haimnyimi usingizi. Kinachomtisha ni karatasi, maana tangu aache shule hajawahi kujibu swali kwa kuandika, na majina ya vifaa anayajua kwa mikono kuliko kwa kalamu. Hilo nalo limepata mtu. Kuanzia wiki ijayo mwalimu mstaafu atapanda ngazi kila alasiri na vitabu vyake, isipokuwa Jumamosi, ambapo saa nne ana mechi.

"Mitihani naijua, kompyuta siijui," anasema mwalimu. "Tutagawana ujinga."

Akifaulu, mama anataka kuchukua wanafunzi wawili kwa mwaka, na ameshaamua wa kwanza atakuwa mfagizi wa jengo hilihili, dada mmoja ambaye kwa miezi kadhaa sasa akifika meza namba kumi na nne hufagia taratibu mno.

Ijumaa, saa kumi jioni kamili, msimamizi anapanda ngazi. Mama Blanketi yupo. Mashine iko mezani, imefunikwa, kiganja kiko juu yake. Anamkabidhi stakabadhi kwa mkono wa pili bila kusimama.

Msimamizi anaisoma mbele na nyuma, anatia alama kwenye daftari. Kisha anatazama ukuta.

"Haya, mama. Basi cheti kikija, ukiondoe hicho kidude ukitundike hapo, tuwe sawa na wengine."

Mama Blanketi anainua kichwa, anakitazama kibao cha kijani kwenye uzi wake mwekundu, na kujibu bila haraka.

"Cheti kikija, kitatafutiwa msumari wake. Huu una mwenyewe."